Moyo Wako kwa Leo Ni Mzima

Swali lenyewe niliulizwa nimesimama, mkononi nimeshika kanga niliyoletewa ya kumfunikia marehemu. Daktari kijana, macho mekundu kwa kukesha, alinivuta pembeni akaniuliza taratibu: "Dada, samahani. Katika ukoo wenu kuna mtu mwingine aliyewahi kuanguka ghafla akafariki?"

Nilitaka kumjibu hapana. Mdogo wetu wa mwisho, miaka 23, alikuwa ametoka nyumbani saa kumi jioni na viatu vyake vya mpira mkononi, akila muhogo wa kuchoma njiani. Saa kumi na mbili tukaitwa hospitali. Ilikuwa Machi 2019, hapa Tanga. Lakini kabla neno hapana halijanitoka mdomoni nikamkumbuka baba mdogo, aliyefia stendi mwaka 1994 akilikimbilia basi la Korogwe. Alikuwa na miaka 29, na wiki hiyo hiyo alikuwa ameandikishiana kiwanja. Kwa miaka 25 ukoo mzima tulijua kilichomuua. Kulikuwa na jirani aliyekitaka kiwanja kile kabla yake, na jina la jirani huyo lilitajwa kwa sauti ya chini kila tulipokusanyika kumsomea hitima.

Nikamwambia daktari, ndiyo, yupo.

"Basi baba, mama na nyinyi ndugu wote mliobaki mkapimwe moyo," akasema, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Kesho yake kabla ya adhuhuri tukazika. Hakuna aliyezungumzia kumpasua marehemu, na sidhani kama baba angekubali. Kwa hiyo jibu la kilichomuua ndugu yetu tulilazimika kulitafuta ndani ya vifua vya walio hai.

Lilipatikana kwa baba. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti kama wanayopigwa wajawazito, kilionyesha kwamba ukuta unaotenganisha vyumba vya chini vya moyo wake una unene wa milimita 19. Kwa mtu mzima asiye na tatizo hauzidi milimita 12 hivi. Ugonjwa wenyewe ni wa misuli ya moyo kunenepa bila sababu ya nje: si presha, si chumvi, si pombe. Unarithiwa. Wataalamu wanakadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 500 anao, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kuujua. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 61, amebeba magunia ya nazi maisha yake yote, hajawahi hata kuzimia.

Kwetu selimundu tumeuzoea, na wengi wanajua kwamba lazima wazazi wote wawili wawe wamebeba ndipo mtoto augue. Huu hauhitaji wawili. Mzazi mmoja anatosha, na kila mtoto anayezaliwa ni shilingi iliyorushwa juu. Kaka yangu mkubwa alipimwa akakutwa na milimita 17. Mimi nikakutwa na 10.

"Moyo wako kwa leo ni mzima," mpimaji aliniambia huku akifuta ile jeli kifuani. "Urudi baada ya miaka mitatu."

Kwa leo. Maneno hayo mawili ndiyo yanayonifanya niandike. Unene huu unaweza kuanza utotoni, ujanani, hata ukubwani. Kipimo cha leo kikiwa safi hakisemi kwamba hukurithi. Kinasema kwamba bado hakijaonekana kitu. Kipo kipimo cha vinasaba, lakini si kila familia kosa lenyewe hupatikana, na sisi tuliambiwa sampuli isafirishwe nje kwa gharama ambayo baada ya msiba na nauli za Dar hatukuwa nayo. Kwa hiyo nikarudi nyumbani nikiwa mtu asiye mgonjwa na asiye mzima, na nikagundua kwamba mtu wa namna hiyo hana kliniki wala kadi, na hakuna wa kumuuliza hali.

Ninachoamini ni hiki: hofu ya kubeba ugonjwa wa moyo wa kurithi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na inastahili kuulizwa na kutibiwa kwa uzito ule ule wa eko na vidonge. Si anasa ya watu wa mjini wala upungufu wa imani.

Niwaambie ilivyokuwa. Nilikuwa nalala na vidole viwili shingoni, nahesabu. Mapigo yakienda mbio natoka jasho, nikitoka jasho mapigo yanakwenda mbio zaidi. Mume wangu akiamka ananikuta nimekaa kitandani na tochi ya simu, naangalia kucha kama zimebadilika rangi. Niliacha kupanda ngazi za ofisini. Niliacha kucheza kwenye harusi, mimi ambaye nilikuwa naitwa kufungua uwanja. Nilikuwa nakwenda dukani, njiani naona mtu wa kumwomba msaada nikianguka hapa, na mwingine nikianguka pale mbele, kisha naendelea kutembea kutoka kwa mtu hadi mtu. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Mtu mwingine akipatwa na mapigo ya hofu huambiwa "ni wasiwasi tu", na maneno hayo humtuliza. Sisi hayatutulizi. Dalili za wasiwasi na dalili za ugonjwa huu zinaingilia mlango mmoja: moyo kwenda mbio, pumzi kuwa fupi, kizunguzungu, kifua kubana. Nani atakuhakikishia aliyebisha hodi ni nani? Zaidi ya hapo, yapo magonjwa mengine ya kurithi, yale ya umeme wa moyo, ambayo mshtuko wenyewe unaweza kuyaamsha. Kuna aina moja ambayo kelele ya ghafla kama ya saa ya kuamshia imewahi kuua, na nyingine huua watu wakiogelea. Ukishalisoma hilo usiku wa manane, unaanza kuiogopa hofu yako mwenyewe.

Majirani na jamaa walikuja na walichokuwa nacho. "Usiwaze." "Mwachie Mungu." "Mbona hata presha huna?" Mama alinipeleka kwa shekhe, nikaandikiwa kombe, nikanywa. Sioni aibu kulisema, na sikuona mgongano wowote kati ya lile kombe na ile eko. Kilichoniumiza ni neno "usiwaze". Anayelisema anakupenda, nalijua hilo, lakini linafunga mazungumzo. Ukishaambiwa usiwaze, unaendelea kuwaza peke yako.

Aliyenifungulia ni muuguzi mmoja, mama wa makamo, siku nimemsindikiza kaka kliniki. Alimaliza na kaka, kisha akanitazama akaniuliza, "Na wewe unalalaje, mwanangu?" Nikalia pale pale mbele ya foleni. Hakunizuia. Nilipotulia akanipa kazi. Nikanunue daftari dogo, kila moyo unapokwenda mbio niandike saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nilikuwa nawaza nini, na umechukua dakika ngapi. Miezi mitatu.

Lile daftari bado ninalo. Karibu kila alama ni ya usiku, nimelala chali, au mara baada ya simu ya kaka, au siku ya Jumapili jioni, saa alizokuwa akitoka mdogo wetu kwenda mpirani. Hakuna hata moja niliyoiandika nikiwa nimebeba ndoo au nafua. Nililipeleka kwa daktari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akanifunga kifaa kidogo cha kurekodi mapigo kwa saa 24. Kikatoka safi. Ndipo akanieleza ni zipi za kutokusubiri: kuzimia wakati unakimbia au mara tu unapoacha kukimbia, maumivu ya kifua yanayokuja ukijitahidi, mapigo yanayobadilika ghafla hata uone giza. Hizo, mchana au usiku, njoo. Mengine andika, tutayaangalia pamoja. Sikupona siku ile. Ila nililala, na nadhani nililala kwa sababu ya lile neno "pamoja".

Jambo moja lilinishangaza. Kaka, mwenye ugonjwa wenyewe, alikuwa ametulia kuliko mimi. Ana vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, ana tarehe ya kurudi, anajua asikimbizane na watu na asikae na kiu muda mrefu. Ugonjwa wake una jina lililoandikwa kwenye kadi. Mimi sikuwa na cha kushika, na nilikuwa naona haya kumwambia naogopa, maana nani analalamika mbele ya mwenye milimita 17? Wako watu wengi wa namna yangu: waliokutwa wazima wakati ndugu zao wamekutwa wagonjwa, wanaonea aibu uzima wao na hofu yao kwa pamoja.

Na baba. Baba alinyamaza wiki mbili. Alikuwa anakaa chini ya mwembe na redio imezimwa. Siku moja nilimpelekea chai akasema bila kunitazama, "Kumbe ni mimi niliyemuua mwanangu." Sikuwa na jibu la haraka, na ninamshukuru Mungu kwamba sikulitafuta. Nilikaa. Baadaye nikamwambia alichopewa alipewa na yeye, hakukichagua, na kwamba yule yule aliyempa ndiye aliyempa baba mdogo.

Hapo akanyanyua kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza jambo lile lilimwingia: kwamba mdogo wake hakurogwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alikwenda kwa yule jirani wa kiwanja. Mzee sasa, haoni vizuri. Miaka 25 sisi hatukula kwake, na watoto wetu tuliwakataza uwani kwake. Baba hakunisimulia yote waliyozungumza. Alisema tu kwamba alimwomba radhi, na kwamba mzee alimshika mkono muda mrefu bila kuuachia.

Watu hudhani kujua ugonjwa wa ukoo huleta hofu tu. Kwetu kulimwondolea mtu asiye na hatia mzigo wa robo karne. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema bora kutojua, ingawa nawaelewa.

Nawaelewa kwa sababu ya mdogo wangu wa kike. Yeye hajapima mpaka leo. Mwaka ule alikuwa na mchumba, mshenga alishafika mara mbili, na shangazi mmoja akalisema waziwazi: "Mkianza kupanga foleni kwenye moyo, nani atakuja kuposa kwenye nyumba hii?" Ndoa ilifungwa, kipimo hakikufanyika. Nilimkasirikia vibaya. Nilimwita mbinafsi, nikamwambia anawachezea wanawe ambao hata hawajazaliwa. Sasa naona nilikuwa nampiga kwa hofu yangu mwenyewe. Mtu ana haki ya kuchagua saa ya kujua, na hawezi kuchagua vizuri akiwa amebanwa na mshenga upande mmoja na dada yake upande mwingine. Alichohitaji ni mtu asiye wa ukoo, aliyefunzwa, wa kukaa naye saa nzima na kumweleza kipimo kitasema nini, hakitasema nini, na atafanyaje kikisema.

Na kazi hiyo nchi hii inaijua! Hili ndilo linanipandisha hasira. Tulipopigwa na UKIMWI tulijifunza kwamba hupimi mtu kisha ukamwachia karatasi. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete alipima VVU hadharani pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya kitaifa, na kila aliyemfuata alijua kwamba kuna ushauri nasaha kabla ya kupima na baada ya kupima. Watu wa rika langu tumekaa kwenye viti vile vya plastiki tukaulizwa: "Majibu yakija hivi utafanyaje? Utamwambia nani kwanza?" Maswali hayo hayo ndiyo yanayohitajika kwenye moyo. Mimi majibu ya baba nilipewa kwenye korido, mpimaji akiwa ameshika kitasa cha mlango wa kumwita mwingine. Simlaumu, foleni ilifika nje. Lakini tangu 2015 tuna taasisi ya moyo yenye jina la rais huyo huyo pale Muhimbili, wagonjwa ambao zamani walipelekwa India wengi wanatibiwa hapa hapa, na mashine nyingine zimesogea mikoani. Tumejua kuleta mashine. Basi palipo na eko na pawe na kiti cha mshauri nasaha, hata mmoja, hata siku mbili kwa wiki, na ndugu wa mgonjwa wa kurithi aandikwe kwenye daftari la kliniki kama mtu wa kufuatiliwa, awe mgonjwa au asiwe.

Na asije mtu akaniambia kwamba hofu na huzuni ni za wasiosoma. Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, bingwa wa moyo, alikuwa na wenzake waliofuatilia familia moja nchini mwao kwa miaka 20, familia iliyokuwa ikipoteza vijana ghafla, mpaka mwaka 2017 wakatangaza kwamba wamepata jeni inayohusika. Julai mwaka uliofuata alijitoa uhai, na familia yake ikasema bila kuficha kwamba kwa miaka miwili alikuwa akipambana na sonona. Nilipousoma ujasiri wa familia yake kusema, nilikiweka kisa chake moyoni. Kama unayesoma haya umefika mahali ambapo kuishi kunaonekana kuzito kuliko kufa, mwambie mtu leo hii, na uende kituo cha afya kilicho karibu na wewe. Nilifika karibu na mahali hapo. Panarudika.

Limebaki la mwanangu. Alikuwa na miaka 8 mjomba wake alipofariki, na walikuwa wakigombea mpira mmoja. Jambo la kwanza nililofanya baada ya arobaini ni kuuchukua ule mpira na kuufungia kabatini. Sikumweleza. Yeye akajieleza mwenyewe, kama watoto wanavyofanya. Usiku mmoja akaniuliza, "Mama, mjomba alikufa kwa sababu ya mpira wangu?"

Naomba wazazi mlisome hilo mara mbili. Tulipomnyamazia ili asiogope, alijitungia hofu kubwa kuliko ukweli. Nilimweleza kwa maneno yake: moyo ni msuli kama wa mguu, wa mjomba ulikuwa mnene mno ndani, alizaliwa nao hivyo, si mpira, si wewe. Akauliza kama wake ni mnene. Nikamwambia tutaenda uangaliwe, na kwamba kuangaliwa hakuumi, ila jeli ni ya baridi. Uliangaliwa, na kwa leo ni mzima. Watoto huangaliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo sasa tuna safari yetu ya Dar, na yeye huichukulia kama likizo. Daktari alisema maadamu vipimo ni safi hakuna sababu ya kumnyima mpira. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati. Ulikuwa umeisha upepo.

Sijaacha kuogopa. Mwaka 2003, nikiwa kidato cha tatu, niliona kwenye televisheni ya jirani Marc-Vivien Foé wa Kamerun akianguka katikati ya uwanja kule Lyon, tarehe 26 Juni, nusu fainali dhidi ya Kolombia, hakuna mtu aliyemgusa. Miaka 28. Uchunguzi ulionyesha ni moyo wa namna hii hii ya kwetu. Picha ile hunijia kila mwanangu anapoinama kushika magoti. Lakini nina nyingine ninayoiweka kando yake: Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na yupo hai mpaka leo, kwa sababu watu walianza kumkandamiza kifua pale pale na hawakuacha.

Hilo liliipa hofu yangu kazi ya mikono. Nilitafuta mafunzo ya huduma ya kwanza, nikafundishwa kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Nilitoka pale mabega yananiuma, na usiku ule sikuweka vidole shingoni. Baadaye nikamleta mkufunzi mtaani kwetu. Walikuja wamama wa vikoba, vijana wa bodaboda, na kaka yangu alikuja pia, akajilaza mkekani ili watu waone mahali mikono inapowekwa.

Jumamosi hii watoto wana mechi. Makocha wote wawili wamekwishafundishwa, na mwanangu anacheza winga.